Upumuaji na Ufanisi wa Mwanamichezo

Swali la mada hii hupenda kuja na kisa ndani yake. Kwa mfano: "Kabla ya mbio za mita 1,500, Asha alihema haraka haraka kwa dakika nzima akiamini kuwa anajaza oksijeni mwilini. Je, alikuwa sahihi? Eleza." Watahiniwa wengi hujibu, "Ndiyo, kwa sababu hewa nyingi huleta oksijeni nyingi," kisha hufungua ukurasa unaofuata kwa furaha. Jibu hilo halina alama hata moja. Kabla ya kumrudia Asha, hakikisha unaelewa hewa inavyoingia na inakoishia.

Unapovuta pumzi, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hukaza na kushuka. Wakati huohuo misuli iliyo kati ya mbavu huziinua mbavu juu na nje. Nafasi ndani ya kifua huongezeka, kanieneo ya hewa ndani ya mapafu hupungua, na hewa ya nje huingia. Shika mpangilio huo. Ukiandika kwamba hewa huingia kwanza ndipo kifua kinapanuka, umegeuza chanzo kuwa matokeo.

Sasa chukua kalamu, kwa maana hapa ndipo penye alama. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni takribani mililita 500. Kati ya hizo, kama mililita 150 huishia kwenye pua, koo na mirija ya hewa, mahali ambapo gesi hazibadilishwi. Ni hewa iliyosalia tu inayofika kwenye vifuko vya hewa na kukutana na damu. Walinganishe watu wawili:

Juma anapumua juujuu, mara 24 kwa dakika, mililita 250 kila pumzi. Jumla: mililita 6,000.
Asha anapumua kwa kina, mara 12 kwa dakika, mililita 500 kila pumzi. Jumla: mililita 6,000.

Ukiishia hapo utasema wako sawa. Lakini toa zile 150 kwenye kila pumzi. Juma: (250 – 150) × 24 = 2,400. Asha: (500 – 150) × 12 = 4,200. Hewa iliyoingia puani ni ileile, ila damu ya Asha imepata karibu mara mbili ya ile ya Juma. Hiyo ndiyo sababu kocha humwambia mkimbiaji apumue hadi tumbo lisogee, wala asipandishe mabega. Kumbuka pia kwamba misuli ya kupumulia nayo inatumia oksijeni. Anayetweta bila mpango anailipia kazi isiyo na faida.

Je, apumue kwa pua au kwa mdomo? Pua huchuja vumbi, hupasha hewa joto na kuipa unyevu, kwa hiyo inafaa mtu anapotembea au kukimbia polepole. Kasi ikipanda, mwanamichezo anaweza kuhitaji zaidi ya lita 100 za hewa kwa dakika, na pua peke yake haitoshi. Anayekuambia mkimbiaji afunge mdomo mpaka utepe wa mwisho, mwombe apande kilima mbio kwanza.

Katika kuogelea ufundi huonekana wazi zaidi. Mwogeleaji mzuri hutoa pumzi uso ukiwa majini, ili anapogeuza kichwa awe na kazi moja tu, kuvuta. Anayeanza hujaribu kutoa na kuvuta kwa nukta hiyohiyo, na hapo ndipo anapokunywa maji.

Turudi kwa Asha na kule kuhema kwake. Mtu mwenye afya akiwa ametulia, hemoglobini katika damu inayotoka mapafuni huwa tayari imebeba oksijeni kwa takribani asilimia 97. Kuhema hakuongezi kitu cha maana. Kinachotokea ni kwamba hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, hupungua kwenye damu. Gesi hiyo ndiyo hasa inayoiamsha medula, sehemu ya chini ya ubongo, itoe amri ya kupumua. Asha ataanza mbio akiwa na kizunguzungu na vidole vikiwasha.

Kwa mzamiaji, kosa hilohilo linaweza kuua. Amepunguza kabonidioksidi, kwa hiyo hasikii haja ya kupumua, huku oksijeni yake ikiendelea kutumika. Anapoteza fahamu chini ya maji bila onyo. Usilijaribu hili ziwani, baharini wala kwenye bwawa la shule, hata kwa kushindana na rafiki.

Usitie chumvi, hata hivyo, ukiandika kuhusu mbinu za kupumua. Mkimbiaji wa mita 100 hupata sehemu kubwa ya nishati bila kutumia oksijeni, kisha hulipa deni la oksijeni kwa kuhema baada ya mbio. Wa masafa marefu hutegemea oksijeni njia nzima, na kwake kikomo kikubwa ni moyo na damu inayosafirisha gesi hiyo. Ushahidi mzuri ni Olimpiki ya 1968 jijini Mexico City, mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya oksijeni ni ndogo. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 na Kipchoge Keino mita 1,500. Wote wawili walitoka nyanda za juu, ambako mwili huzoea kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza wa sita, akaanguka na kupewa oksijeni.

Maswali ya kujipima

1. Mkimbiaji P anapumua mara 30 kwa dakika, mililita 400 kila pumzi. Mkimbiaji R anapumua mara 15, mililita 800. Kokotoa hewa inayofika kwenye vifuko vya hewa kwa kila mmoja. (Alama 4)
2. Eleza kwa nini kuhema kabla ya kuzamia ni hatari. (Alama 5)
3. Tofautisha mahitaji ya oksijeni ya mkimbiaji wa mita 100 na wa marathoni. (Alama 6)

Jibu la swali la 1: P ni mililita 7,500, R ni mililita 9,750. Ukipata 12,000 kwa wote, umesahau kutoa zile 150.