Grisi ya Magurudumu Yenye Meno

Gurudumu lenye meno, ambalo mafundi huliita gia, halifanyi kazi peke yake. Jino lake huingia katika pengo la mwenzake na kulisukuma. Meno hayo husuguana, msuguano huzaa joto, na chuma huliwa. Ndiyo sababu hutiwa grisi, ili meno yapitane juu ya utando mwembamba wa mafuta.

Watu wa Kakese, katika nchi ya Mpanda, hulima mpunga. Mashine ikiliwa meno wakati wa mavuno, kazi husimama, na mwenyewe hungoja mpaka gia nyingine ije kutoka mbali. Bei ya gia hiyo hupita bei ya kopo la grisi mara nyingi. Basi na tujue grisi ni kitu gani, na ipi yafaa wapi.

Grisi si mafuta matupu. Ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, kama sifongo ishikavyo maji. Kwa kawaida, katika sehemu 10 za grisi, 8 au 9 ni mafuta. Sabuni ndiyo itofautishayo grisi na grisi. Ile ya chokaa haiyeyuki majini, lakini haivumilii joto kali. Ile ya magadi huvumilia joto, lakini maji huiharibu. Ya tatu ni ya lithi, metali iliyo nyepesi kuliko metali zote; hiyo huvumilia maji na joto pia. Mmarekani Clarence Earle alipata hataza za grisi hiyo mwaka 1942, na leo ndiyo iliyoenea zaidi duniani.

Wataka kuijaribu grisi usiyoijua? Paka kidogo kiganjani, tia matone mawili ya maji, kisha sugua kwa kidole. Ikigeuka nyeupe kama maziwa na kuoshwa, usiitie katika chombo kipitacho katika majaruba.

Wengine hupaka mawese. Mawese ni kitoweo chema, lakini yakikaa hewani siku nyingi huchacha na kunata kama ulimbo. Heri yabaki jikoni.

Tena yako mambo ya uzito. Juu ya kopo huandikwa namba, tangu 000 hata 6. Grisi ya 000 humiminika kama uji mwepesi. Ya 2 ni laini kama siagi. Ya 6 ni ngumu kama mche wa sabuni. Gia kubwa iendayo polepole chini ya mzigo hutaka grisi nzito, isikamuliwe ikatoka. Gia ndogo iendayo mbio hutaka nyepesi, kwa kuwa nzito hutupwa kando isirudi tena, na huiba nguvu.

Tazama gari dogo la kuchezea, lile liongozwalo kwa mawimbi ya redio. Mota yake ni ndogo, nayo hulishwa na betri. Ukiijaza grisi nzito, gari huenda kwa uvivu na betri huisha upesi. Tena gia zake mara nyingi ni za plastiki, na ziko grisi za petroli zinazodhuru plastiki za namna fulani, zikavimba au kupasuka. Kwa hizo hutumiwa grisi ya silikoni, kidogo tu. Lakini silikoni haifai sana pale chuma kinaposuguana na chuma kwa nguvu. Hapo rudi kwenye lithi.

Mimi naona watu wengi hukosea kwa kuzidisha, si kwa kupunguza. Wakati wa kiangazi vumbi la Kakese huingia kila mahali. Likishikwa na grisi huwa kama msasa, likatafuna meno yale yale tuliyotaka kuyalinda. Kwa hiyo gia ya plastiki iliyo wazi vumbini, yenye kazi nyepesi, mara nyingi ni heri iachwe kavu. Gia ya chuma ifutwe grisi ya zamani yote kwanza, ndipo ipakwe mpya. Wala usichanganye grisi za namna mbili: sabuni zake huweza kugombana, mafuta yakatoka yote.

Na kabla ya kuipaka, simamisha mashine kabisa. Gia haijui tofauti ya jino na kidole.

MASWALI
1. Kwa nini grisi ya magadi haifai majarubani?
2. Gari la kuchezea lina gia mbili za plastiki ndani ya sanduku lililofunikwa. Utachagua grisi gani, na ya uzito gani?
3. Eleza jinsi vumbi na grisi vinavyoharibu gia vikikutana.