Kivuli cha Kijiti na Majira ya Kupanda

Hapa Kilosa na Mikumi twawasikia watu wahesabuo kwa mwandamo wakishangaa: mwezi wa kupanda umefika, mbona mvua haijaja? Kosa si la mvua, ni la hesabu.

Miandamo 12 ni siku 354, lakini dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo. Kila mwaka hesabu ya mwandamo hutangulia kwa siku 11. Kwa miaka 3 imetangulia mwezi mzima.

Majira hulifuata jua. Dunia husafiri hali imeinama. Kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini kwetu, na Desemba huwa kusini.

Haya na tuyapime. Simikeni kijiti kilichonyoka uwanjani. Adhuhuri ya Juni kivuli chake hulala kusini. Ya Desemba, kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, kivuli hutoweka: jua li utosini.

Kivuli kikitoweka mwezi wa Machi, masika yapo karibu. Shamba na liwe tayari. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kazi hii, wasije wakapanda kwa kubahatisha.