Waini nyeupe kavu: ijue kabla hujaiweka dukani

Somo la leo ni fupi ila mimi lilinigharimu hela.

Hapa Mbingu mama mmoja alichukua kwangu chupa 6 za waini nyeupe ya Dodoma, kipaimara cha mwanae. Jumatatu akarudisha 4. "Mwanangu, umeniuzia siki?" Waini haikuwa mbovu. Ilikuwa kavu, na mimi bila kujua nilimwambia ni tamu kama juisi. Nikamrudishia hela yote.

Shika haya:

1. Lebo ikiandikwa "dry", jua sukari ya zabibu karibu yote imeliwa na hamira ikawa kilevi. Haina utamu, ina uchachu kama wa ndimu. Anayetaka tamu mpe yenye "sweet".

2. Jina la zabibu halitoshi. Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na Dodoma inalimwa pia. Inatoa waini kavu na hata tamu.

3. Joto letu la Kilombero linaiharibu. Usiipange dirishani wala juu karibu na bati. Weka chini, penye giza. Yenye kizibo cha koki ilaze, ya kifuniko cha kuzungusha isimamishe.

4. Kata leseni ya vileo, na kagua stempu ya TRA kwenye kila chupa.

Siku hizi nauliza kwanza: tamu au kavu? Yule mama bado ananunua kwangu sukari na sabuni. Waini hataki tena.

Mwenye swali aulize.