Linda Kifundo cha Mkono Unapopiga Chapa

Kompyuta sasa imefika vijijini. Iko katika ofisi ya kata, shuleni, katika chama cha ushirika na hata zahanati. Lakini karani au mwalimu anayeitumia asubuhi hushika jembe jioni kwa mkono uleule. Mkono huo ukiharibika, kazi zote mbili husimama.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Upande wa kiganja kuna njia nyembamba inayopitisha kano 9 za kukunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kifundo kikipindwa juu au chini kwa muda mrefu, mshipa huo hubanwa.

Dalili zake ni ganzi na kuchomachoma katika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hakiguswi. Mara nyingi ganzi humwamsha mtu usiku, akaukung'uta mkono. Hali hiyo ikipuuzwa, nyama ya shina la gumba husinyaa na mtu huanza kuangusha vitu.

Kupiga chapa si sababu pekee. Mimba, kisukari na kazi za kushika kwa nguvu huweza pia kuleta ugonjwa huu.

Ili kujikinga, fanya hivi:

1. Viwiko viwe karibu na mbavu, usawa wa kibodi. Meza ikiwa juu mno, kalia mto na uweke tofali chini ya miguu.

2. Kifundo kinyooke. Rula ikiwekwa juu ya mkono kutoka kiganjani kuelekea kiwiko, ilale bila kuinuka.

3. Kunja vijiguu vya kibodi ili ilale bapa.

4. Usiegemeze kifundo kwenye ukingo wa meza.

5. Bonyeza taratibu. Kompyuta haihitaji nguvu kama mashine ya zamani ya kupigia chapa.

6. Kila nusu saa, pumzisha mikono dakika 1 au 2.

Ganzi ikiendelea, nenda zahanati mapema. Huenda ukafungwa gango la usiku ili kifundo kikae kimenyooka. Usichanjwe chale; haziondoi ganzi, bali huweza kuleta vidonda.

Maswali

1. Ni vidole vipi hupata ganzi?

2. Pima meza ya ofisi yenu. Je, viwiko viko usawa wa kibodi?