Dondoo Muhimu: Dira ya Timu Isishuke Kama Amri

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchimba matuta ya ngazi milimani. Lengo, kuzuia mmomonyoko, halikuwa baya. Lakini amri ilitoka juu. Mwaka 1955 zikazuka vurugu na mpango ukafa. Ofisi nyingi bado hutunga dira hivyo hivyo.

• Katika kikao cha dira, kila mmoja aandike kimya: mwaka 2035 wateja watatusifia nini? Bosi asome jibu lake mwisho. Akitangulia yeye, mtasikia "ndiyo mzee" tu.

• Tunu ziandikwe kama vitendo. "Uadilifu" ukutani ni pambo. Kwa mfano, kwa ushirika wa mboga wa Mgeta, huko huko Uluguru, sema: "Nyanya mbovu hatuzifichi chini ya tenga." Hapo hata kibarua wa jana anajua akatae nini. Kisha ulizeni: tuko tayari kupoteza mteja kwa ajili ya tunu hii? Kama hamko tayari, ifuteni.

• Tunu tatu zinatosha.

• Pangeni tarehe ya kuipitia upya dira kabla hamjatawanyika.

Na dereva aalikwe kikaoni, tafadhali. Mara nyingi yeye huonana na wateja zaidi kuliko meneja.