Dondoo Muhimu: Kuchora na Kuchapa Mimea ya Hilliard

Ukiishi Hilliard, magharibi mwa Columbus, Ohio, hifadhi ya Battelle Darby Creek haiko mbali: ina mto, nyasi ndefu na nyati wa Marekani. Ni darasa tosha kwa mchoraji.

• Chora papo hapo. Beba daftari na penseli; usichume mmea hifadhini. Tazama jani linavyoshikana na shina.

• Geuza mchoro. Ukichapa, kushoto huwa kulia. Nakili picha kinyume kwenye linoleamu utakayoichonga kwa patasi.

• Linda vidole. Pasha linoleamu joto kidogo ilainike. Sukuma patasi mbele. Mkono wa pili ukae nyuma ya makali.

• Paka wino kidogo. Ukizidi, mistari myembamba huziba. Tandika karatasi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, kisha inua kona moja ukague.

• Tunza kazi za zamani. Mchoraji Charles Burchfield, mzaliwa wa Ohio aliyehamia Buffalo mwaka 1921, miaka ya 1940 alizirudia picha zake za ujana za rangi za maji, akaziunga karatasi pembeni na kuzikuza. Zako nazo zitakufaa.