Safari inayompevusha mkunga

Mkunga tunayemzungumzia leo si yule anayezalisha akina mama. Ni samaki mrefu kama nyoka, ambaye hupatikana hata hapa kwetu katika Mto Tana. Aliyechunguzwa zaidi ni yule wa Ulaya, naye ana fundisho kwa kila mzazi ambaye binti yake ni mwanariadha.

Mkunga huyo huishi mitoni miaka mingi bila kupevuka. Dopamini, kemikali itokayo kwenye ubongo, huzuia tezi ya pituitari isitoe homoni za uzazi. Wakati ukiwadia, ngozi yake hugeuka rangi ya fedha, macho hupanuka, naye huacha kula. Huogelea zaidi ya kilomita 5,000 hadi Bahari ya Sargasso, katika Atlantiki, akazae na kufa. Lakini huondoka mayai yake yakiwa machanga. Je, ni nini humpevusha njiani?

Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, waliwaogelesha mikunga katika mabomba ya maji yaendayo kasi. Katika matokeo ya mwaka wa 2005, samaki hao walimaliza kilomita 5,500 kwa karibu miezi 6 bila kula. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba kuogelea hupanua macho zaidi, na mafuta huanza kuingia katika mayai. Hata hivyo, mayai hayakukomaa. Mazoezi huanzisha kazi, lakini peke yake hayaimalizi. Ndiyo sababu watafiti huwadunga mikunga homoni ili watage.

Mkunga huweza haya yote kwa sababu huondoka na akiba kubwa ya mafuta mwilini, inayolipia safari na mayai pia.

Msichana hana akiba kama hiyo. Akikimbia sana huku akila kidogo, ubongo hupunguza ishara zinazoamsha ovari. Hedhi huchelewa au hukatika, na mifupa hudhoofika. Baadhi ya watu hudhani hiyo ni dalili ya kuiva kimazoezi. Wamekosea.

Binti akifika miaka 15 bila kuvunja ungo, au hedhi ikikatika kwa miezi 3 ilhali si mjamzito, mpeleke kwa daktari. Mara nyingi tiba huanzia kwenye sahani: ale zaidi, na ikibidi apunguze mbio kwa muda.

Mazoezi ni mema, mradi msafiri awe na masurufu.